Sekunde Ishirini

Jumatatu, 4 Machi

Naliomba radhi daftari hili. Mara ya mwisho niliandika siku mwenzangu alipotolewa hospitalini, Mei ya mwaka jana, nikaahidi kuandika kila juma. Sikuandika. Mtu aliyesahihisha maandishi ya wengine kwa miaka thelathini na moja katika kiwanda cha uchapaji hana udhuru wa kuyaacha yake yalale. Lakini nyumba yenye mgonjwa haina jioni wala Jumapili. Ina zamu tu, na zamu zote ni zangu.

Nianze na yaliyopo. Mwenzangu hasemi. Kiharusi kilimchukulia miguu, mkono wa kushoto, sehemu kubwa ya macho, na sauti. Akili hakikuigusa, daktari alilitamka hilo mbele yangu na mbele ya dada yake. Mkono wa kulia upo. Kwa ajili ya mkono huo mwana wetu wa mwisho, ambaye nyumbani tunamwita Kitinda, alitengeneza mashine.

Ni kisanduku kisichozidi kopo la majani ya chai. Kimeunganishwa na spika, skrini ya zamani, na mbao mbili zinazolazwa mapajani mwa mama yake. Kila ubao una vitufe sita. Ubao wa juu ni wa haja: maji, njaa, choo, naumwa, baridi, nigeuze. Ubao wa chini ni wa majibu na amri: ndiyo, hapana, redio, asante, nyamaza, mwite mwanangu. Akibonyeza, spika inasema, tena kwa sauti yake mwenyewe ya zamani. Kitinda aliikata neno kwa neno kutoka katika ujumbe wa sauti ambao mama yake alikuwa akimtumia kwenye simu.

Vitufe havina maandishi, kwa kuwa mama hayaoni. Kila kimoja kimebandikwa kitu cha kupapasa: kitambaa, msasa, ngozi, na kadhalika. Mimi sijajifunza kipi ni kipi. Sikuona haja, hali mashine inasema. Meza yangu iko sebuleni, mlango wa chumba chake hukaa wazi, na kila neno nalisikia.

Ndani kisanduku kinaendeshwa na Linux, mfumo wa kompyuta, lakini si ile wanayoweka madukani. Aliijenga mwenyewe kuanzia chini, akaacha nje kila kisichotakiwa. Kitinda hayupo. Aliondoka Julai. Hilo nitalieleza siku nyingine.

Mvua imeanza leo saa nane mchana. Umeme umekatika saa nane na robo.

Jumatano, 6 Machi

Umeme umekatika mara tatu. Kila ukirudi, mashine inachelewa kuamka. Mwenzangu hukaa na kidole juu ya kitufe, akingoja. Nimehesabu kwa saa ya ukutani: sekunde ishirini na tisa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeifungua skripti, yaani orodha ya amri inayoendeshwa mashine inapowaka. Mambo haya nayajua kidogo, maana miaka yangu kumi ya mwisho kiwandani tulipanga kurasa kwa kuandika amri. Skripti ina mistari arobaini. Mstari wa tatu unaiamuru mashine ilale sekunde ishirini ndipo iendelee. Katika sekunde hizo hakifanyiki kitu. Pembeni Kitinda ameandika: "subiri zote zifike." Zote zipi? Hakusema. Ndivyo anavyoandika siku zote, kana kwamba msomaji anaishi kichwani mwake.

Nimeufuta mstari pamoja na maelezo yake. Sasa mashine inaamka kwa sekunde tisa. Mwenzangu amebonyeza, ikasema "Asante." Nimeridhika.

Ijumaa, 8 Machi

Mvua.

Jumanne, 12 Machi

Nilikuwa namsomea gazeti, kama nifanyavyo kila asubuhi. Mashine ikasema "Nyamaza." Nikadhani kidole kimeteleza, nikaendelea. Ikasema tena, mara tatu. Nikalikunja gazeti. Sikusema neno mpaka jioni, na nakiri haikuwa kwa utii tu.

Ijumaa, 15 Machi

Muuguzi huja kila Ijumaa. Ni binti mchangamfu, mwenye mikono yenye nguvu na viatu vilivyojaa matope.

"Shikamoo Babu. Yuko wapi mrembo wangu?"

"Marahaba. Yuko alipokuwa Ijumaa iliyopita."

Akaingia, akaketi kitandani. Mbao zilikuwa chini ya blanketi. Tangu mvua ianze hukaa humo na mkono wake, kwa ajili ya baridi.

"Bibi, unanisikia?"

"Maji," ikasema mashine.

Nikaleta maji. Akafumba mdomo.

"Mwili unauma popote?"

"Njaa."

"Haya, njaa tumeisikia. Na huyu mzee, ndiye mume wako?"

"Maji."

Muuguzi akacheka. "Babu, ameamua kukuzamisha." Kisha akaacha kucheka. Akauliza maswali sita mengine, na majibu yote yakawa maji au njaa. Akaandika katika faili lake. Mlangoni, akivaa koti la mvua, alisema kwa sauti ya chini, "Nisikufiche, Babu. Akili inaanza kuyumba. Huenda kimepita kiharusi kingine, kidogo kidogo, tusikione. Itanibidi nimwambie daktari."

Niliporudi chumbani, mkono wa mwenzangu ulikuwa umetoka kwenye blanketi, umelala kando, mbali na mbao. Machozi yalikuwa yameingia sikioni. Nikayafuta kwa ncha ya shuka. Sikujua kingine cha kufanya.

Jumamosi, 16 Machi

Umeme ulikatika alfajiri ukarudi. Nimemuuliza maswali yaleyale ya muuguzi. "Ndiyo." "Hapana." "Ndiyo." Yote sawasawa, na lile la mume wake pia. Leo ni mzima.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Umeme mara mbili. Asubuhi alikuwa amechanganyikiwa, mchana akawa mzima.

Jumapili, 24 Machi

Shemeji amekuja, dada mkubwa wa mwenzangu. Muuguzi amekwisha kumpigia. Mwanamke huyu hajawahi kuingia nyumba hii bila kuhamisha kiti.

"Nimesikia," alisema. "Sikuja kugombana. Nitamchukua. Kwangu watu hawakosekani mchana kutwa. Hapa yuko na wewe na hilo sanduku."

"Hapa ni kwake."

"Shemeji, wewe ulisahihisha hadi kadi za harusi yako, zikagawiwa siku ya harusi yenyewe. Ukawa na kadi safi na ukumbi mtupu. Mgonjwa hasahihishwi. Akili ikiisha kwenda, hana hasara ya mahali alipo."

"Basi muulize mwenyewe."

Akamwinamia. "Mdogo wangu, utakuja kukaa kwangu?"

"Njaa," ikasema mashine. Akabonyeza tena na tena. "Njaa. Njaa. Njaa."

Shemeji akanigeukia. Hakuwa na ushindi usoni. Alikuwa na huruma, jambo ambalo ni baya zaidi. "Umeona?"

Niliona. Tumekubaliana atakuja na gari Jumamosi tarehe 13 Aprili. Sikukubali kwa kusema. Nilikubali kwa kukosa la kusema.

Ijumaa, 29 Machi

Muuguzi hakuja, daraja dogo limefunikwa na maji.

Jumanne, 2 Aprili

"Mwite mwanangu." Mara tano kabla ya adhuhuri.

Nilisema nitaeleza. Kitinda alipoimaliza mashine, Julai, watu walikuja kuiona: dada zake, majirani, Shemeji. Usiku uliotangulia alikuwa amenichapishia skripti yote karatasini, akasema, "Baba, nimeandika na maelezo kwa Kiswahili, ili uelewe." Nami nikaisoma nilivyofundishwa kusoma, kwa kalamu nyekundu. Asubuhi nikamrudishia mbele ya wageni, nikasema kazi ni nzuri lakini ina makosa arobaini na moja. Akazitazama karatasi. Akasema, "Baba, hii siyo insha. Hii ni sauti ya Mama." Nikamwambia asinipandishie sauti nyumbani kwangu, na asirudi mpaka ajifunze kuomba radhi. Juma lilelile akaenda kufanya kazi kwenye minara ya simu, mbali. Huwatumia dada zake salamu. Mimi hanitumii.

Jumatano, 3 Aprili

"Mwite mwanangu." Mara sita. Nilimjibu kutoka mezani, "Mama, huyo atakuja siku atakayojua radhi huombwaje."

Alhamisi, 4 Aprili

Mara nane. Nimeacha kujibu. Halafu, mchana, jambo ambalo sikulitarajia: "Asante." Mara saba, taratibu, kwa sauti yake ya zamani. Nilisimama mlangoni kusikiliza. Katika miaka arobaini na tatu ya ndoa tumeshukuriana kwa vitendo zaidi kuliko kwa maneno, na nilidhani ndivyo itakavyokuwa mpaka mwisho. Nimeketi kuandika haya nikiwa na furaha ambayo mtu wa umri wangu huona haya kuikiri.

Ijumaa, 5 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Muuguzi alifika saa nne. Akamwinua ili ambadilishe shuka, akasimama. Hakusema "Babu." Alisema, "Njoo uone."

Chini ya mgongo, upande wa kulia, kuna kidonda ukubwa wa kiganja cha mtoto. Katikati nyama imefunguka.

"Hajageuzwa siku ngapi huyu?"

"Nagewuza," nilisema, na ulimi ukanikwaa kama wa mlevi. "Namgeuza akisema. Kitufe cha kugeuzwa anacho."

"Na hakusema?"

"Hakusema hata mara moja juma zima."

"Na cha maumivu?"

"Hakukigusa."

Akanitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Akasafisha kidonda, akafunga, akanionyesha jinsi ya kumlaza. Alipoondoka niliosha mikono, nikaketi kando ya kitanda, nikalifunua blanketi. Kwa mara ya kwanza tangu mashine hii iingie nyumbani, niliweka kidole changu chini ya kidole chake.

"Mama," nilimwambia, "nionyeshe cha kugeuza."

Mkono wake ukasogea bila kusita. Ubao wa juu, kitufe cha mwisho. Kina kipande cha ngozi. Akakibonyeza pamoja na kidole changu.

"Mwite mwanangu," ikasema mashine.

Nikamwomba cha maumivu. Ubao wa juu, cha nne, chenye msasa. "Asante," ikasema mashine.

Tukapita kumi na viwili, kimoja baada ya kingine, nami nikaandika kwenye karatasi alichokusudia na kilichosemwa. Ubao wa juu unasema maneno ya ubao wa chini, na wa chini ya ubao wa juu. Ndiyo yake inatoka maji. Hapana yake inatoka njaa. Alipomwambia dada yake hapana mara nne, tulisikia njaa. Aliposikia baridi, nilisikia nyamaza, nikamnunia mchana kutwa. Mara kumi na tisa aliomba ageuzwe, nikamjibu habari za adabu. Na jana, nilipokuwa nimesimama mlangoni nikisikiliza, hakuwa akinishukuru.

Haiwi hivyo kila siku. Hilo ndilo linaloniondolea hata kitulizo cha kujua. Siku nyingine alikuwa mzima, yaani mashine ilikuwa nzima. Sijui siku ipi ilikuwa ipi.

Cha mwisho cha ubao wa chini, cha kumwita Kitinda, kimebandikwa kifungo cheupe cha shati la shule.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimemleta fundi wa kompyuta aliye karibu na soko. Mlango wake umeandikwa Zahanati ya Simu. Ni mtu mwepesi wa mikono na wa mdomo.

"Mzee, hii siyo Linux niliyoizoea," alisema baada ya nusu saa. "Jamaa alijipikia mwenyewe. Na chungu kaondoka nacho."

Akanionyesha. Katika mfumo huu kila kifaa kinachochomekwa hupewa faili lake, na programu husoma faili hilo kama mtu anavyosoma barua. Mbao zetu mbili zina mafaili mawili, moja linaishia kwa sifuri, jingine kwa moja. "Hazina majina, Mzee. Zinagombania kiti. Inayowahi kufika inapewa sifuri, na mashine inadhani hiyo ndiyo ubao wa juu. Umeme ukikatika, mbio zinaanza upya. Leo huyu, kesho yule."

"Mbona kabla ya mvua hazikugombana?"

"Hapo ndipo nashangaa. Jamaa si mjinga. Lazima alikuwa na njia ya kuzitambua. Kuna kitu kimeguswa." Akageuka. "Mzee, wewe umegusa skripti?"

Wakati huo sikuwa na hakika kwamba mstari mmoja wa kulala ungeweza kuwa na uhusiano na jambo hili. Ndivyo ningependa kuandika. Lakini daftari hili halina msomaji wa kumdanganya: nilijua.

"Sijagusa," nilisema.

"Basi tatizo liko ndani zaidi, kwenye kiini chenyewe, kile kinachovitambua vifaa. Nitakisasisha." Akachomeka kifaa chake. Ilimchukua saa nzima. Mashine ilipowaka, skrini iliandika kwamba hakuna faili kama hilo. Akaangalia moja, akaangalia sifuri. Hakuna ubao wa juu wala wa chini. Kiini kipya hakizijui mbao za Kitinda kabisa.

Mwenzangu alibonyeza. Hakikutoka kitu.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Fundi amerudi bila kuitwa, akahangaika mpaka saa tisa. "Nimeshindwa, Mzee. Cha zamani nilikifunika, na nakala sikuweka. Nilidhani nafanya jambo dogo." Hakutafuta pa kujificha. Nilimwonea wivu.

Anasema yapo mawili. Tufute yote tuweke mfumo wa kawaida, ambao utasema kwa sauti ya mtu mwingine, na itabidi mbao mpya. "Au mtafute aliyepika."

Jumanne, 9 Aprili

Nimezitoa zile karatasi za Julai. Kitinda aliziacha mezani, nami nilizihifadhi, kwa kuwa situpi kazi iliyosahihishwa. Nimezisoma sasa bila kalamu. Baada ya mstari wa kulala, skripti inaziuliza mbao namba zilizochongwa ndani yake kiwandani, na kwa namba hizo inazipa majina yake, juu na chini, hata ziwe zimefika kwa mpangilio gani. Zisipojibu, inachukua inayotangulia. Mbao huchukua kama robo dakika kuamka. Aliziachia sekunde ishirini. Mimi nilimwachia muulizaji aulize chumba kitupu.

Zile zote za maelezo yake ni mbao. Angekuwa na haja gani ya kuzitaja, wakati mistari yote inayofuata inazitaja?

Nimeurudisha mstari na maelezo yake. Mashine imelala sekunde ishirini, ikaamka, ikaandika kwamba hakuna faili kama hilo. Nilijua itakuwa hivyo.

Jumatano, 10 Aprili

Nimempigia Shemeji, nikamweleza kwamba dada yake hana kasoro ya akili, kwamba siku ile alisema hapana. Akaja mchana huohuo, amelowa. Nikamwomba amuulize tena. Akamuuliza. Mwenzangu akabonyeza ubao wa chini, cha pili.

"Hiyo ni hapana," nilisema.

"Nani amesema?"

"Amesema yeye. Hicho ni kitufe cha hapana."

"Mimi nimesikia sauti yako." Hakuwa mkali. Alivua kitambaa cha kichwa akakikamua maji sakafuni. "Shemeji, tangu mdogo wangu alipoolewa, akiulizwa neno unajibu wewe. Akiulizwa chai, unasema hanywi chai. Kwa sanduku lile nilimsikia mwenyewe. Leo limekufa, na wewe ndiye unayenitafsiria. Niambie, nikuaminije?"

Mwenzangu alikuwa bado anabonyeza. Kitufe kisicho na sauti hutoa mlio mdogo tu, kama ukucha kwenye meza.

"Nipe sauti yake," alisema Shemeji. "Akisema hapana kwa sauti yake, gari nalirudisha tupu."

Alhamisi, 11 Aprili

Saa tatu asubuhi nimempigia Kitinda. Namba nimeipata kwa mmoja wa dada zake, ambaye alinitajia taratibu, kama anayemkabidhi mtu glasi iliyojaa.

"Hallo, nani?"

"Baba yako."

"Mama?"

"Yupo. Mashine ndiyo imekufa."

Nikamweleza yote kwa mpangilio: umeme, muuguzi, kidonda, fundi. Hakunikatiza. Kisha akauliza jambo moja.

"Baba, mstari wa kulala upo?"

"Niliufuta. Sasa nimeurudisha. Fundi aliniuliza kama nimegusa, nikasema sijagusa."

"Umesema hivyo wewe?"

"Mimi."

Neno nililomtaka ajifunze Julai lilinifika mdomoni. Daftari hili nililiomba radhi mwezi uliopita bila shida yoyote. Kwa mwanangu, lilirudi lilikotoka.

"Mpe Mama simu," alisema.

Nikaiweka sikioni mwake. Sikusikia alichoambiwa. Niliona mkono ukitembea chini ya blanketi, ukaanza ule mlio mdogo wa ukucha. Nikaichukua simu.

"Nasikia kitu," alisema Kitinda. "Anabonyeza kipi?"

Nikafunua blanketi nikaangalia, nisije nikamsemea. "Kifungo cha shati."

"Bado anabonyeza?"

"Hajaacha."

Nikamsikia akivuta pumzi. "Barabara ya huku imekatika kwa mvua. Kuna njia nyingine, ya siku mbili. Kazini hawajaniruhusu. Sijasema nakuja, Baba. Niache nifikiri."

"Nitasubiri."

"Wewe?" alisema, na sikujua kama amecheka.

Shemeji amekubali gari lije Jumapili badala ya Jumamosi. Zaidi ya hapo hawezi, naye ana haki. Mwenzangu nimemgeuza saa nne, saa sita na saa nane, na kila mara nimeuliza kwanza, kidole changu chini ya chake. Mvua haijapungua. Simu iko mezani, na mashine nimeiacha ikiwaka, ijapokuwa haina la kusema.

Kitinda akiamua, nitaandika alivyoamua, kwa maneno atakayoyatumia, bila kugusa hata moja.